Mashine ipi uanze nayo? Ulinganisho wa vyombo vya hesabu, kutoka abakasi hadi kompyuta, kwa walimu na wazazi wa Mombasa

Historia ya kompyuta ni ndefu na muhula ni mfupi. Mwalimu wa chama cha kompyuta, au mzazi ambaye mwanawe amerudi na mradi wa shule, hawezi kupitia kila chombo kuanzia shanga za kuhesabia hadi simu ya mkononi. Akijaribu, watoto watabaki na orodha ya majina na miaka, na hawatajua hata chombo kimoja kilifanyaje kazi. Heri achague vichache. Nafundisha vijana kompyuta, hapa kisiwani na ng'ambo ya Likoni, na maswali ninayoulizwa na walimu wenzangu ni yaleyale: tuanze na ipi, tuache ipi, ipi tunaweza kuiunda wenyewe bila gharama?

Napima kila mashine kwa mambo mawili. Kwanza, ilileta wazo gani jipya? Pili, mtoto anaweza kuishika, au kutengeneza mfano wake, akaliona wazo hilo likifanya kazi mbele ya macho yake? Umaarufu na ukubwa siviweki kwenye mizani. Mashine kubwa kuliko zote katika ulinganisho huu ndiyo ninayoipa muda mchache darasani.

Abakasi au rula ya logi?

Vyombo hivi viwili huwekwa kapu moja la "vitu vya kale", lakini vinafanya kazi kwa njia zisizofanana kabisa. Abakasi huhesabu. Ushanga upo au haupo, hakuna nusu ushanga. Rula ya logi hupima. Jibu lake ni urefu, na usahihi wa jibu unategemea jicho la msomaji. Tofauti hiyo ndiyo iliyoigawa familia nzima ya mashine za hesabu: upande mmoja mashine za tarakimu, upande mwingine mashine za vipimo, yaani analogi.

Abakasi haihitaji maelezo mengi. Mtoto wa gredi ya kwanza huiona darasani: wima wa mamoja, wima wa makumi, wima wa mamia. Mamoja yakifika kumi, shanga zake zote zinashuka na ushanga mmoja unapanda kwenye makumi. Wajapani wana aina yao, soroban, yenye ushanga mmoja juu na minne chini katika kila wima, na mtu aliyeizoea ana kasi ya ajabu. Mwezi Novemba 1946, Tokyo, mtumiaji wa soroban alishindanishwa na askari wa Kimarekani mwenye mashine ya hesabu ya umeme. Soroban ilishinda kwa 4 dhidi ya 1. Wasimulie watoto kisa hicho, waelewe kwamba chombo kipya hakikushinda cha zamani siku kilipozaliwa.

Rula ya logi ilitokana na kazi ya John Napier wa Scotland, aliyechapisha majedwali yake ya logi mwaka 1614. Logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Muda si mrefu Mwingereza William Oughtred akaona kwamba ukiandika logi kama urefu kwenye vijiti viwili, kuzidisha kunakuwa kazi ya kutelezesha kijiti kimoja kando ya kingine. Wahandisi walitumia chombo hicho kwa zaidi ya miaka 300, mpaka kikokotoo cha mfukoni cha HP-35 kilipotoka mwaka 1972 na kukiondoa sokoni kwa muda mfupi.

Kuitengeneza ni rahisi. Kata vipande viwili vya karatasi ngumu, kila kimoja sentimita 25. Andika 1 mwanzoni kabisa. Kisha weka alama ya 2 kwenye sentimita 7.5, ya 3 kwenye 11.9, ya 4 kwenye 15.1, ya 5 kwenye 17.5, ya 6 kwenye 19.5, ya 7 kwenye 21.1, ya 8 kwenye 22.6, ya 9 kwenye 23.9, na 10 mwishoni, kwenye 25. Fanya vivyo hivyo kwenye kipande cha pili. Sasa weka 1 ya kipande cha pili chini ya 2 ya kile cha kwanza, utafute 3 kwenye cha pili na utazame juu yake. Utakuta 6. Hakuna aliyezidisha chochote. Urefu mbili zimeunganishwa. Mwanafunzi wa sekondari ambaye amekuwa akifungua kitabu cha majedwali ya hesabu bila kujua logi ni za nini, hapo ndipo anapoelewa.

Kwa hiyo, kwa walio chini ya miaka kumi chagua abakasi. Kwa sekondari chagua rula, na abakasi uitaje tu. Ukiwa na kundi la mchanganyiko weka zote mbili mezani, uulize swali moja: ipi inaweza kukupa jibu kamili la 347 jumlisha 589? Rula haiwezi, nayo haikuundwa kwa kazi hiyo.

Pascal na Leibniz

Hapa sitakaa sana. Blaise Pascal alianza mashine yake mwaka 1642, huko Ufaransa, akiwa hajatimiza miaka 20, ili kumsaidia baba yake aliyekuwa akisimamia kodi. Wazo lake ni moja, nalo ni kubwa: gurudumu la mamoja likipita 9, lenyewe linalisukuma la makumi. Kubeba makumi, kazi ambayo kwenye abakasi hufanywa na kidole, sasa inafanywa na chuma. Gottfried Leibniz akaongeza mtungi wenye meno ya urefu tofauti ili mashine iweze kuzidisha, akauonyesha London mwaka 1673.

Mkiwa na muda wa mashine moja tu kati ya hizi, chukueni ya Pascal. Duara mbili za kadibodi zenye tarakimu 0 hadi 9, kijino kimoja kinachochomoza kwenye ya kwanza na meno kumi kwenye ya pili, zinatosha kuonyesha kubeba. Mtungi wa Leibniz ni mgumu kuuiga kwa karatasi, na wazo lake si jipya kiasi hicho. Mkikosa muda kabisa, rukeni zote mbili.

Mashine mbili za Babbage

Charles Babbage ni mmoja, lakini mashine zake ni mbili, na watu wengi huzichanganya. Kwa mwalimu, kuzitenganisha ni muhimu kuliko kusimulia maisha yake.

Ya kwanza, mashine ya tofauti, aliianza mwaka 1822. Kero yake ilikuwa majedwali ya hesabu. Mabaharia na wahandisi waliyategemea, nayo yalijaa makosa ya waliokokotoa na ya waliopanga herufi kiwandani. Babbage alitaka mashine ikokotoe na ichape yenyewe. Serikali ya Uingereza ilitoa zaidi ya pauni 17,000, fundi wake Joseph Clement akagombana naye, kazi ikasimama mwaka 1833, na mwaka 1842 serikali ikajitoa. Mashine nzima haikuwahi kukamilika maishani mwake. Lakini jumba la makumbusho la sayansi la London lilichukua michoro yake ya mashine ya tofauti namba 2, likaiunda, na mwaka 1991 sehemu ya kukokotoa ikafanya kazi sawasawa. Hesabu zake zilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Siri ya mashine hii inaingia kwenye daftari la mtoto wa gredi ya tano. Andika namba za mraba: 1, 4, 9, 16, 25. Toa kila moja kwenye inayofuata: 3, 5, 7, 9. Toa tena: 2, 2, 2. Umefika kwenye namba isiyobadilika. Sasa rudi nyuma kwa kujumlisha peke yake: 9 na 2 ni 11, 25 na 11 ni 36. Umepata mraba wa 6 bila kuzidisha. 11 na 2 ni 13. 36 na 13 ni 49. Mtoto anaweza kuendelea hadi achoke, na Babbage alitaka hasa mchoko huo ubebwe na magurudumu.

Ya pili, mashine ya uchanganuzi, aliibuni kuanzia mwaka 1834, na hii ni kitu kingine kabisa. Ile ya kwanza inajua kazi moja tu. Hii ingefanya kazi yoyote utakayoiagiza, kwa kadi za matundu alizoziona kwenye mitambo ya kufuma ya Jacquard huko Ufaransa. Ilikuwa na ghala la kuhifadhi namba na kinu cha kuzikokotoa, na ingeweza kurudia hatua au kuchagua njia kulingana na jibu lililopatikana. Ada Lovelace alitafsiri makala juu yake mwaka 1843, akaongeza maelezo yake mwenyewe yaliyozidi makala yenyewe kwa urefu. Ndani yake mna hatua za kukokotoa namba za Bernoulli, mfululizo unaotumika katika hisabati, na mna pia jambo ambalo kwangu ni zito zaidi: aliona kwamba mashine kama hiyo ingeweza kushughulikia vitu visivyo namba, kama muziki, ilimradi uhusiano kati yao uweze kuandikwa kwa alama.

Ipi basi? Kwa mikono, mashine ya tofauti, bila shaka yoyote. Mashine ya uchanganuzi haina mfano unaoweza kuundwa darasani. Ichukue kama mada ya mjadala kwa vijana wakubwa. Usizifundishe siku moja. Nimeona wanafunzi wakiandika kwamba Ada aliandika programu ya mashine ya tofauti, na kosa hilo linaizima tofauti yenyewe tunayotaka waione.

Mashine ya maji kujaa na kupwa

Vitabu vingi vya historia ya kompyuta vinairuka hii, na kwa watu wa pwani kuiruka ni hasara. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliiunda Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1870 ili kutabiri maji ya bandarini. Ni ya vipimo, kama rula: inasogeza na haihesabu.

Watoto wetu wanajua maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wanajua bamvua na maji mafu hata kama hawajui sababu. Hapa Kilindini, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hupita mita 3. Sababu kubwa ni mbili, mwezi na jua. Wimbi la mwezi hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, la jua kila baada ya saa 12, na nguvu ya jua ni karibu nusu ya ile ya mwezi. Yakipanda pamoja, tunapata bamvua. Yakipishana, maji mafu.

Kelvin aliweka kila wimbi kwenye gurudumu lake, linalozunguka kwa kasi yake na kupandisha na kushusha kapi. Uzi mmoja ulipita kwenye makapi yote, ukajumlisha mwendo wao, na ncha yake ikashika kalamu iliyochora mstari kwenye karatasi inayotembea. Mtu anazungusha mkono wa mashine, na maji ya mwaka mzima ya bandari yanachorwa kwa saa chache. Mashine za ukoo huu ziliendelea kutumika hata wakati wa vita vya pili vya dunia. Utabiri wa maji kwa ajili ya kushusha majeshi Normandy mwaka 1944 ulitoka kwa Arthur Doodson huko Liverpool, naye alizitumia.

Ukimpata fundi wa mbao wa kukukatia gia mbili, ya mwezi iwe na meno 59 na ya jua 57, zote zikisukumwa na gia moja ndogo. Uwiano huo unakaribia ukweli kiasi kwamba magurudumu yako yatakutana na kuachana kama bamvua na maji mafu yenyewe. Bila fundi, tumia karatasi ya grafu: chora wimbi la mwezi, chora la jua lenye nusu ya urefu wake, jumlisha sehemu kwa sehemu. Kisha mchukue ratiba ya maji ya Kilindini mkalinganishe. Haitaingiana kikamilifu, kwa sababu mashine halisi zilikuwa na mawimbi mengi zaidi. Ya kwanza ya Kelvin ilikuwa na kumi.

Kwa shule ya Mombasa inayotaka mradi mmoja wa kuonyesha mbele ya wazazi, hii ndiyo ningeichagua. Kwa somo la kompyuta za leo haitoshi peke yake, maana simu na kompyuta zetu ni za ukoo wa shanga.

Kadi za Hollerith

Sensa ya Marekani ya mwaka 1880 ilichukua karibu miaka minane kukamilisha hesabu zake. Watu walikuwa wakiongezeka, na ilionekana wazi kwamba inayofuata ingechelewa zaidi. Herman Hollerith akaleta kadi: kila mtu kadi yake, na kila jibu tundu lake. Kadi iliwekwa chini ya pini. Penye tundu, pini ilipita ikagusa zebaki kwenye kikombe kidogo, umeme ukapita, na saa ya kuhesabia ikasogea hatua moja. Kwa njia hiyo watu wapatao milioni 62 walihesabiwa mwaka 1890. Kampuni yake iliungana na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 ikachukua jina la IBM.

Mashine zote nilizotaja mpaka hapa zinakokotoa. Hii inapanga na kuchambua: wangapi ni wanawake, wangapi kati yao wamezaliwa ng'ambo, wangapi wanafanya kazi fulani. Sehemu kubwa ya kazi ya kompyuta duniani leo ni ya aina hiyo. Ukituma pesa kwa simu, kukokotoa salio ni kutoa tu. Kazi nzito ni kuitafuta akaunti sahihi kati ya mamilioni.

Mfano wa darasani hautumii umeme wala zebaki, lakini wazo linabaki. Kila mtoto apewe kadi, na kadi zote zitobolewe matundu manne mahali pamoja, karibu na ukingo wa juu. Tundu la kwanza: unakaa Likoni? La pili: unavuka kwa feri kuja shule? Jibu likiwa ndiyo, kata karatasi kutoka tundu hadi ukingoni, liwe pengo. Panga kadi zote kwa pamoja, pitisha kijiti cha mshikaki kwenye tundu la kwanza, inua na utikise kidogo. Kadi za "ndiyo" zinaanguka, za "la" zinabaki kijitini. Chukua zilizoanguka, pitisha kijiti tundu la pili. Zinazoanguka sasa ni za wale wanaokaa Likoni na kuvuka kwa feri. Watoto wameuliza swali lenye sharti mbili na kadi zimejibu.

Kuna hatua ya juu zaidi kwa vijana. Yape matundu thamani 1, 2, 4 na 8, kisha kadi 16 zipewe namba 0 hadi 15 kwa kukata matundu yanayohusika; 11, kwa mfano, ni 8 na 2 na 1. Zichanganye vizuri. Anza na tundu la 1: zilizobaki kijitini ziwe mbele, zilizoanguka ziende nyuma bila kuvuruga mpangilio wao. Rudia kwa 2, kwa 4, kwa 8. Baada ya mara nne kadi zimejipanga zote kutoka 0 hadi 15. Hakuna aliyesoma namba hata moja.

Mtu akiniambia ana saa mbili tu na mashine moja tu, namwambia achukue hii. Gharama ni karatasi, inamfaa mtoto wa miaka minane na wa kumi na minane, na inamfikisha kwenye mfumo wa namba za 0 na 1 bila yeye kutambua kwamba amefundishwa.

Colossus, ENIAC au Baby?

Mombasa yenyewe inaingia hapa. Aprili 1942, baada ya Wajapani kuushambulia mji wa Colombo, Sri Lanka, kituo cha Waingereza cha kuvunja maandishi ya siri ya Japani kilihamishiwa Kilindini. Walichukua jengo la shule ya Allidina, linalotazama bahari, na hapo ndipo John MacInnes na Brian Townend walipolitambua na kulivunja fumbo la meli za biashara za Japani, JN-40. Wajapani walifanya kosa mwezi Septemba mwaka huo, na kufikia Novemba ujumbe wa fumbo hilo ulikuwa unasomeka. Kituo kilirudi Colombo mwaka 1943. Ukiwapeleka vijana kuliona jengo lile kutoka nje, somo la vita na mashine linakuwa na mahali pa kusimama.

Kilindini kilikuwa tawi la kazi ileile ya Bletchley Park, Uingereza, na huko ndiko kulikofungwa Colossus mwanzoni mwa 1944. Iliundwa na Tommy Flowers, mhandisi wa posta, kwa vali (taa za kioo zinazoongoza umeme) zipatazo 1,600, na ilisoma herufi 5,000 kwa sekunde kutoka utepe wa karatasi. Ililenga mashine ya Lorenz, iliyoficha ujumbe wa majeshi ya Ujerumani. Wengi huandika kwamba ilivunja Enigma, mashine nyingine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe. Sivyo, Enigma ilivunjwa kwa mashine nyingine. Colossus ilifichwa kwa miaka 30 hivi, ndiyo maana vitabu vya zamani vinaanza na ENIAC.

ENIAC ilionyeshwa kwa umma Marekani mwezi Februari 1946: vali karibu 18,000, uzito wa tani 30, umeme wa kilowati 150, na majumlisho 5,000 kwa sekunde. Ni ajabu kweli. Lakini kubadilisha kazi yake kulimaanisha kuchomoa na kuchomeka nyaya upya, na wanawake sita walioipanga mwanzoni, akiwemo Kay McNulty na Betty Jennings, waliweza kutumia siku kadhaa kwa tatizo moja.

Baby ya chuo kikuu cha Manchester ilikuwa ndogo na dhaifu. Ghala lake lilikuwa na mistari 32 ya biti 32 (biti moja ni 0 au 1), yaani biti 1,024. Ujumbe mmoja wa simu wa herufi 160 una biti 1,120, kwa hiyo usingeenea humo. Tarehe 21 Juni 1948 iliendesha programu ya kutafuta kigawanyo kikubwa zaidi cha 262,144 kilicho chini ya namba yenyewe, ikajaribu namba moja baada ya nyingine kwa dakika 52, ikatoa 131,072. Mtoto aliyesoma kugawanya kwa 2 anaipata akilini. Jambo la maana ni mahali programu ilipokaa: ndani ya ghala lilelile la namba. Kubadilisha kazi kukawa kubadilisha kilichoandikwa, na nyaya zikaachwa mahali pake. Kompyuta unayotumia leo imeurithi mpango huo.

Naichagua Baby, na wala sisiti. ENIAC waipate picha na aya moja. Colossus waipate kwa njia ya Kilindini. Baby waicheze: bandika karatasi 32 ukutani, mtoto mmoja awe msomaji wa maagizo, mwingine ashike karatasi ya jibu. Baby ilijua maagizo saba tu, na hakuna la kujumlisha. Iliweza kutoa, na kuchukua namba ikiwa imegeuzwa kuwa hasi. Waulize basi: 5 na 3 tutazijumlishaje? Chukua 5 kama hasi, unapata −5. Toa 3, unapata −8. Iandike kwenye mstari mtupu, kisha ichukue tena ikiwa imegeuzwa: 8. Maagizo manne. Waache wahangaike kabla ya kuwapa jibu. Mara nyingi kuna mmoja atakayelifikia mwenyewe, na hao ndio wanaobaki chamani mwaka mzima.

Ya leo: simu au kompyuta kuukuu?

Kutoka Baby hadi leo mawazo yamebadilika kidogo kuliko vifaa. Transista, swichi ndogo iliyochukua nafasi ya vali, ilipatikana maabara za Bell mwezi Desemba 1947, saketi nzima ikaingia kwenye kipande kimoja kidogo mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1971 Intel ikauza 4004, chipu yenye transista 2,300 iliyoagizwa na kampuni ya Kijapani ya vikokotoo. Mwaka 1985, Cambridge, kikundi cha Sophie Wilson na Steve Furber kikawasha chipu ya kwanza ya ARM, na simu nyingi mikononi mwa watu zinaendeshwa na kizazi chake. Hayo yanatosha kwa kipindi kimoja.

Swali la vitendo ni kitu gani kiwekwe mezani. Simu kila nyumba inayo, na kwa kuonyesha kasi na uwezo haina mpinzani. Lakini imefungwa kwa gundi, na ukiifungua unaona vipande vidogo visivyojieleza. Kompyuta ya mezani iliyotumika, hata mbovu, inafunguliwa kwa bisibisi moja, na ndani unaonyesha kwa kidole: hapa panakokotoa, hapa panakumbuka kwa muda, hapa panahifadhi. Ni mgawanyo uleule wa kinu na ghala. Kwa kufundisha, chukua ile mbovu. Mafundi wengi mjini watakuachia kwa bei ya chini, kwa kuwa hawaihitaji nzima.

Kabla watoto hawajaishika, ichomoe ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyosalia iishe, na uiache kwa muda. Kisanduku cha umeme kilicho nyuma kisifunguliwe kamwe, hata kama kimechomolewa tangu jana. Skrini za zamani zenye mgongo mkubwa nazo zisiguswe ndani, kwa sababu zinaweza kushika umeme mkali kwa muda mrefu. Yaliyobaki, waache wayashike.